Chuma Hasikii Moto

Harufu ya mpira unaoungua iliwafikia wanawake wa chumba cha pasi kabla hawajaona moshi. Aliyeinua pua wa kwanza alikuwa Foronya, mwanamke mfupi aliyebandikwa jina hilo kwa sababu kwa miaka sita hakukunja kitu kingine hapo hospitalini isipokuwa foronya za wagonjwa. Alinusa kulia, akanusa kushoto, kisha akapaza sauti.

"Nani anaungua jamani?"

Kila mtu aliangalia pasi yake na waya wa pasi yake. Mmoja tu hakujishughulisha. Kwenye meza ya mwisho, iliyobanana na bomba la mvuke, mwanamke waliyemwita Chuma alikuwa ameinamia koti jeupe la daktari, anachokoa begani kwa ukucha.

"Uzi," alisema. "Uzi mweusi. Nautoa huku, unarukia kule, kama una miguu."

"Dada, ndala yako! Tazama ndala yako!"

Chuma alitazama chini. Mguu wake wa kulia ulikuwa umeegemea bomba, na ukingo wa ndala ulikuwa umeyeyuka ukagandamana nalo. Aliuvuta mguu; mpira ukarefuka kama ulimbo, ukakatika. Hakuruka. Hakusema hata "aa". Aliutikisa mguu kama mtu anayekung'uta vumbi kwenye soksi, akaurudia uzi wake.

Wenzake waliangua kicheko, maana huyo ndiye waliyemzoea. Meza ile ya bombani wote walikuwa wameikimbia, mmoja baada ya mwingine, kwa sababu ya joto. Yeye aliidaka, akasimama hapo mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, soksi nyeusi na ndala, mguu ukigusa bomba. "Chuma hasikii moto," walisema, naye alilipenda jina hilo kuliko alilopewa na wazazi wake. "Nyinyi siagi," aliwaambia. "Mkiona jua tu mnayeyuka."

Lakini siku hiyo ya Jumanne kicheko hakikudumu. Wakati anahangaika na uzi, pasi alikuwa ameiacha imelala juu ya mgongo wa koti, na sasa koti nalo lilianza kutoa moshi wake.

Msimamizi aliingia moshi ukiwa bado unapanda. Walimwita Bwana Mstari, kwa sababu alitembea na rula mfukoni na kupima nayo mikunjo ya mikono ya makoti. Aliliinua lile koti kwa vidole viwili, akawageuzia watu wote waone alama ya pasi, kahawia, imekaa katikati ya mgongo.

"La tatu mwezi huu," alisema. "Ulikuwa unafanya nini?"

"Natoa uzi."

"Uzi uko wapi?"

"Huo hapo begani. Ila... sasa umeshuka."

Bwana Mstari alilisogeza koti mbele ya Foronya. "Wewe unauona uzi?"

Foronya hakutaka kusema uongo, na ukweli nao haukumtoka. "Mimi ni wa foronya, bwana. Makoti siyajui."

Msimamizi alitoa karatasi iliyokunjwa mfukoni, akaifungua mbele ya uso wa Chuma. "Soma hapa. Mstari wa juu tu."

Chuma aliisogeza karibu, akaisogeza mbali. Aliona weupe, na katikati ya weupe vitu vyeusi kama sisimizi waliomwagiwa maji. Alijikaza kisabuni, akacheka.

"Mwandiko wako huu, bwana, hata wewe ukiamka kesho hutausoma!"

Watu wakacheka tena, kwa shukrani.

"Si mwandiko wangu," alisema Bwana Mstari. "Imepigwa chapa."

Kicheko kikakatika. Msimamizi aliikunja karatasi yake taratibu, pembe juu ya pembe. "Ijumaa asubuhi niletee cheti cha daktari wa macho. Ukiwa na macho mazima, kazi ipo. Ukiwa na macho mabovu, mimi sina kazi ya kipofu."

"Kipofu ni nani?" Chuma alimjibu, mikono kiunoni. "Hicho kitambi chako nakiona toka hapa!"

Lakini alipofika nje peke yake, ngazi tatu za chumba cha kufulia alizishuka kwa kupapasa ukuta.

*

Nyumba yao ilikuwa vyumba viwili na kibaraza. Chumba cha mbele mchana kilikuwa karakana: mumewe, fundi redio, alikaa dirishani na kioo chake cha kukuzia, amezungukwa na redio zilizofunguliwa matumbo. Kibarazani alikaa dada yake mkubwa, mjane, anauza vifungo na zipu kwenye sinia. Huyo ndiye wifi, na mdomo wake ulikuwa haujawahi kupata mapumziko.

"Leo umerudi na jua kali hivi," wifi alisema. "Wamekufukuza, au wagonjwa wamepona wote?"

"Wamenipa likizo ya macho."

"Macho yana likizo? Basi na mimi naomba ya masikio."

Alipowasimulia, hakuficha la koti wala la karatasi. La ndala aliliruka. Wifi ndiye aliyeiona, alipoivua mlangoni: upande mmoja ulikuwa umeliwa, mweusi, unanuka.

"Hii nayo?"

"Imegusa bomba."

"Na mguu uliokuwa ndani yake?"

"Mguu haujambo. Sikuhisi kitu."

"Lete niuone."

"Mguu wangu si redio, wifi, kwamba kila mtu afungue atazame ndani."

Mumewe alikuwa ameweka chini bisibisi. Alikuwa mtu wa maneno machache, na yale machache aliyapima kwanza. "Juzi," alisema, "ulitoka hapa na ndala mbili. Moja ilikuvuka mlangoni, ukaenda mpaka kisimani na mguu mmoja uko wazi. Ukarudi. Hukujua."

Chuma alimtazama. "Ulinifuata?"

"Niliiokota, nikaiweka ulipozoea kuiweka. Si mara moja."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nasubiri uniambie wewe."

Neno hilo lilimchoma kuliko lolote alilosikia siku ile. Alikaa kitandani, akageukia ukuta. Ndiyo, sukari alikuwa nayo, mwaka wa nane sasa, na vidonge alikunywa, hata kama si kila siku aliyopaswa. Lakini sukari kwake ilikuwa jambo la Jumanne, jengo la nyuma, foleni, kidole kutobolewa, vidonge, kwaheri. Macho ni mvuke wa pasi. Miguu ni kusimama kutwa. Kila ugonjwa alikuwa ameupa sababu yake na mahali pake, ukakaa.

"Acha kazi," fundi redio alisema mlangoni. "Tutaishi. Redio zitatulisha."

"Redio zipi?" dada yake alidakia toka kibarazani. "Watu siku hizi wanasikiliza simu!"

"Dada, nyamaza kidogo."

"Siachi," Chuma alisema, uso bado ukutani. "Nikikaa hapa wiki moja nitakuwa mgonjwa. Pale mimi ni mtu. Pale wananijua."

"Kwa jina gani?" mumewe aliuliza, si kwa ubaya.

Alivuta shuka mpaka kichwani.

*

Siku ya macho ilikuwa Alhamisi, jengo la mbele. Wifi aliliacha sinia lake akamsindikiza, ingawa hakuombwa. Chuma alivaa raba za kufunga kamba na soksi safi juu ya soksi.

Dirishani, karani hakuinua uso. "Kadi ya macho."

"Nina ya sukari."

"Hiyo ni ya jengo la nyuma. Hapa ni macho."

"Mimi ni wa hapa hapa, mwanangu. Nipo dobi. Shuka unayofunika meza yako hiyo nimeipiga pasi mimi."

"Ahsante, mama. Kadi ya macho."

Walinunua kadi, wakakaa kwenye benchi lililotazamana na mlango wazi. Ndani, ukutani, palikuwa na bango la herufi, kubwa juu, ndogo chini. Nesi aliwasimamisha watu mbali nalo, mmoja mmoja, wakawa wanasoma. Chuma alimwinamia wifi yake.

"Nisomee."

"Nikusomee nini?"

"Lile bango. Taratibu, toka juu. Nalishika kichwani. Mimi nataka cheti tu."

"Unataka kumdanganya daktari?"

"Nataka kurudi kazini. Soma."

Wifi alitazama huku na huku kama mwizi wa kuku, akaanza kunong'ona. Mzee aliyekaa mwisho wa benchi alisikia, akaanza naye kukariri kimyakimya, midomo ikicheza. Chuma alipoitwa alikuwa na mistari sita kichwani, imenyooka kama mkunjo wa koti. Alisimama pale alipoambiwa, akavuta pumzi, akaimwaga yote kwa sauti bila kukwama.

Nesi alimsikiliza hadi mwisho. "Umesoma vizuri sana, mama," alisema. "Ila nililigeuza bango ulipokuwa unaingia. Hizo ni herufi za upande wa pili."

Nje, wifi alijifunika uso kwa kanga.

Walimtia dawa machoni, dunia ikazidi kuwa ukungu, ndipo akaingizwa kwa daktari, wifi akimshika mkono. Alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini na mikono ya baridi. Alimwambia aweke kidevu hapa, atazame kule, asipepese. Mwanga ulimpenya Chuma jichoni mpaka akahisi unamgusa kisogo. Daktari alitazama jicho la kulia, akatazama la kushoto, akarudi la kulia. Alikaa muda mrefu kwenye la kushoto.

"Mama, unaona kama nyuzi zinaelea? Nyeusi?"

Chuma alishtuka. "Umezionaje?"

"Nimeziona zilipo. Zimo ndani ya jicho. Ni damu. Mishipa ya nyuma ya jicho imechoka, inavuja." Alizima mwanga. "Sukari unayo miaka mingapi?"

"Nani kakwambia nina sukari?"

"Jicho lako."

Daktari aliburuta kiti chake nyuma kidogo.

"Vua viatu."

"Daktari, nimekuja na macho."

"Najua. Vua viatu."

"Mguu hauna kitu. Mimi nataka cheti cha macho, ndicho nilichoambiwa kazini, na kadi niliyonunua ni ya macho." Sauti ilianza kupanda. Macho yake yalikuwa yameshawekwa uchi mbele ya wenzake Jumanne; leo hakutaka miguu nayo. "Miguu iko jengo jingine!"

"Miguu imekuja na wewe," alisema wifi, naye alikuwa ameshapiga magoti, anafungua kamba na kuvua soksi.

Daktari hakuitazama kwanza miguu. Alitoa kijiti chenye uzi mgumu wa nailoni nchani, akamwambia afumbe macho. "Nitakugusa nyayoni, sehemu mbalimbali. Kila ukihisi, sema ndiyo."

Chuma alifumba macho, akasubiri. Alisikia saa ya ukutani. Alisikia mtu akikohoa kwenye benchi. Alisikia wifi yake akivuta pumzi, kisha akiishikilia.

"Haya, anza basi, daktari."

"Nimemaliza, mama."

Alifumbua macho. Daktari alikuwa bado ameshika ule uzi. Wifi alikuwa ametazama pembeni.

"Umenigusa?"

"Mara kumi, kila mguu."

Ndipo daktari alipouinua mguu wa kulia akauelekeza kwenye taa. Kando ya unyayo, chini ya kidole cha mwisho, palikuwa na lengelenge lililopasuka, pana kama kifuniko cha chupa, na ndani yake kitu cheusi ambacho hakikuwa cha juzi. Nyuzi za soksi ya ndani zilikuwa zimegandamana nacho.

"Hili la juu ni la moto," daktari alisema. "La chini yake ni la zamani. Umelitembelea wiki kadhaa."

"Lakini haliumi!"

"Ndiyo tatizo lenyewe. Lingeuma, ungelitazama." Aliuweka mguu juu ya goti lake mwenyewe, juu ya koti jeupe, bila kujali. "Sikiliza, mama. Mwilini mna mishipa ya damu myembamba kuliko unywele. Jichoni ndimo ninamoweza kuitazama bila kumpasua mtu. Iko mingine kama hiyo miguuni, inalisha neva, zile zinazopeleka habari za moto na maumivu. Hiyo siioni, lakini imepitiwa na sukari ile ile, miaka ile ile. Si kila mwenye hili ana lile. Ila wanapenda kutembea pamoja. Mmoja akibisha hodi kwangu, mimi huchungulia nyuma yake kama mwenzake yupo."

Chuma alikaa akiutazama mguu wake, au ule ukungu uliokuwa mahali pa mguu wake. Miaka mitatu ya sifa. Miaka mitatu ya kuwaita wenzake siagi.

"Kumbe sikuwa chuma," alisema polepole. "Nilikuwa nimekatika waya."

Halafu hasira ikampanda. "Miaka minane, daktari. Miaka minane naenda jengo la nyuma kila mwezi. Wananitoboa kidole, wananipa vidonge. Hakuna hata siku moja mtu aliyeniambia vua soksi. Hakuna aliyesema nenda kaonyeshe macho."

"Wanaona watu themanini kwa siku, mama. Siwatetei. Nakwambia tu."

"Na mimi napiga pasi makoti mia na ishirini kwa siku. Kila koti nageuza nje na ndani."

Daktari alivuta karatasi. Alichukua kalamu. Aliandika barua ndefu: macho yatibiwe kwa leza, aanze wiki hiyo hiyo, kidonda kisafishwe leo, kazi anaweza, akiwa amekaa, mbali na moto, na viatu vya kufunika miguu. "Jicho la kulia tutaliokoa. La kushoto tutalizuia lisizidi. Kile kidole sina ahadi nacho."

Chumba cha vidonda kilikuwa chini ya ngazi. Nesi wa huko alisema hapokei mgonjwa kutoka macho bila kadi ya vidonda. Daktari wa macho, aliyekuwa amewafuata nyuma, aliingia, akavuta kiti, akamkalisha Chuma, akasema, "Kadi itakuja. Mguu umeshafika."

*

Ijumaa asubuhi Chuma aliingia ofisini kwa Bwana Mstari kwa gongo la kuazima, mguu umefungwa bendeji nyeupe hadi kwenye kifundo. Wenzake walijifanya wanapiga pasi. Msimamizi aliisoma barua yote, akipitisha rula chini ya kila mstari.

"Macho mabovu," alisema alipomaliza, "na miguu mibovu. Kimebaki nini sasa?"

"Kichwa. Na ulimi."

"Dada yangu, mimi sina ugomvi na wewe." Alitoa karatasi nyingine mezani, akaisukuma mbele. "Weka sahihi hapa. Ukienda kwa heshima, tutakufanyia hata mchango mdogo."

"Imeandikwa nini?"

"Ni mambo ya kawaida."

Chuma alifungua mlango. "Foronya! Njoo unisomee mambo ya kawaida!"

Foronya aliingia akifuta mikono. Aliisoma kwa sauti, polepole, kama mtoto wa shule: "Mimi niliyetaja jina langu hapo juu, naomba kuacha kazi kwa hiari yangu mwenyewe, kwa sababu za kifamilia..." Akasimama. "Dada, hiari hii ni yako?"

"Mimi sijawahi kuikuta mahali."

"Usilete fujo," Bwana Mstari alisema, akainuka.

"Fujo bado. Njooni huku nyote." Akatoka kwa gongo lake, tok, tok, mpaka kwenye meza ya bombani. Watu waliacha pasi zao. Sauti ilimfikia katibu wa hospitali, aliyekuwa anapita kuelekea ghalani, akasimama mlangoni kuuliza kuna nini. Bwana Mstari alimweleza haraka: mfanyakazi ameunguza makoti matatu, haoni, anakataa kuondoka kwa utaratibu.

"Shikamoo, bwana katibu," Chuma alisema. "Vua kiatu."

"Unasema?"

"Kiatu kimoja tu. Vua, uweke mguu hapa kwenye bomba, nikuhesabie mpaka kumi. Ukifika kumi, naweka sahihi, naondoka, na mchango sitaki."

Mvuke ulisikika ukipita bombani. Katibu alikuwa mtu wa makamo, msafi, hakuzoea kuambiwa vua. Hakuvua kiatu. Lakini hakuondoka pia. Alinyoosha mkono, akaliwekea bomba kiganja. Akakirudisha kwa kasi, akakitia kwapani.

"Hili bomba halina kitambaa?" alimwuliza msimamizi. "Mabomba yote ya mvuke yanatakiwa kufungwa."

"Mzee, miaka mitatu huyu yupo hapa hajawahi kulalamika hata siku moja. Waulize."

Wote walimtazama Chuma. Ilikuwa kweli, naye hakutaka kuikwepa.

"Ni kweli," alisema. "Sikulalamika. Sikuwa na cha kulalamikia, mguu ulishakufa mimi nikadhani ni ushujaa. Nilijisifu, tena sana, nikawacheka wenzangu. Hilo ni kosa langu, nalibeba. Lakini hapa walipita watu wanne kabla yangu, wazima, wanaosikia moto. Wao walisema nini?"

Kisha Foronya alikohoa.

"Mimi nililalamika. Mara mbili. Ndiyo sababu niko foronya."

"Na mimi," alisema mwanamke wa meza ya shuka.

"Na mimi nilisema," akadakia mwingine nyuma, "nikaambiwa wanaotaka kazi ni wengi."

Bwana Mstari alikuwa anaizungusha rula yake mikononi. Katibu alichukua ile karatasi ya hiari, akaisoma, akaikunja, akaitia mfukoni mwake.

"Nenda katibiwe," alimwambia Chuma. "Ni likizo ya ugonjwa. Ukirudi utakaa mapokezi ya nguo, kwenye kiti."

"Ahsante. Na bomba?"

"Litafungwa."

"Lini?"

Katibu alikitazama kiganja chake. "Wiki hii."

"Na jambo moja zaidi. Mwenye sukari hapa dobi apewe ruhusa siku ya macho, asikatwe mshahara."

"Hilo si la kuamua mimi peke yangu, mama."

"Basi mwite unayeamua naye," Chuma alisema, akakalia kile kiti kimoja kilichokuwa chumbani, kiti cha msimamizi. "Mguu huu umeambiwa usisimame. Nitasubiri."

Alisubiri saa mbili. Ruhusa ilipatikana, ya nusu siku, kwa maandishi. Foronya aliisoma kwa sauti mara mbili kuhakikisha hakuna hiari iliyojificha ndani.

*

Kidole hakikupona. Kilikatwa wiki ya tatu, naye alisikitika kuliko alivyotegemea, akalia mchana kutwa kwa ajili ya kitu ambacho hakikuwa kimemwambia neno kwa miaka. Leza ilimpiga macho mara nne. La kulia lilitulia, nyuzi zikapungua. La kushoto lilibaki na giza upande mmoja, kama pazia lililofungwa nusu, na daktari alimwambia wazi kwamba pazia hilo halitafunguka.

Kila asubuhi fundi redio alimkalisha dirishani, akaitazama miguu yake kwa kile kioo cha kukuzia, katikati ya vidole, kisigino, kando. Siku za mwanzo Chuma aliona aibu hata akajifunika uso. Mume kumshika mkewe miguu, tena mbele ya dada mtu!

"Tazama upesi, watu wanapita."

"Wapite. Nimewafungulia redio zao miaka ishirini, hawajanipigia kelele." Akakigeuza kioo. "Hapa pana mchubuko."

"Wapi? Sisikii kitu."

"Najua husikii. Mimi naona. Leo viatu vile vyeusi, hivi vinakubana."

Suala la kuacha kazi hakulirudia. Ila wifi alilirudia kwa niaba yake, na kila alipolirudia alijibiwa, na ugomvi huo ukawa sehemu ya asubuhi kama chai.

Chuma alirudi kazini baada ya wiki tisa. Mapokezi kulikuwa na kiti na kaunta, na kazi yake ilikuwa kupokea mafurushi na kuyagawa. Hakuipenda siku za mwanzo. Alijiona kama mzigo uliowekwa kaunta. Lakini kila mfanyakazi wa dobi alipita mbele yake kutwa mara nne, na kila aliyepita aliulizwa.

"Una sukari?"

"Sijui."

"Kapime. Wewe?"

"Ninayo, lakini yangu ni ndogo."

"Yangu pia ilikuwa ndogo. Macho umeonyesha? Miguu je? Soksi unavua mbele ya nani?"

Wengine walimkwepa, wakapita mlango wa pili. Wengine walinuna. Mwanamke wa meza ya shuka alikubali kwenda, kisha mfua mapazia. Bwana Mstari alikuja wa mwisho, jioni moja wenzake wakiwa wameshatoka kubadili nguo, akajifanya anahesabu mafurushi.

"Huyo daktari wako," alisema, akitazama mafurushi. "Ni Alhamisi?"

"Alhamisi."

"Ni mkali?"

"Ana mikono ya baridi, basi." Chuma alimtazama kwa jicho lake la kulia. Alikuwa na maneno mengi ya kumpa mtu huyu, aliyatunza tangu siku ya karatasi ya chapa, na sasa yote yalikuwa tayari mdomoni. "Miaka mingapi?"

"Kumi na moja," alisema msimamizi. "Na vidole vinakufa ganzi."

Yale maneno aliyameza. "Njoo saa mbili kamili. Vaa soksi zinazovuka upesi."

Alhamisi walifika wanne mlango wa mbele. Mlinzi mpya alikuwa na utaratibu mpya: vibao viwili, viti vya foleni mbili, na kijitabu cha namba. Aliwanyooshea mkono.

"Macho ni kulia. Miguu na vidonda ni kushoto. Namba moja kwa mtu mmoja. Mnakwenda wapi?"

"Macho," alisema mwanamke wa meza ya shuka.

"Na miguu," alisema Chuma.

"Mama, ni kimoja. Kulia au kushoto. Kingine mtarudi mwezi ujao."

Bwana Mstari, ambaye maisha yake yote alikuwa amepanga foleni pale alipoambiwa, alishanyoosha mkono kupokea namba. "Basi mimi nipe ya macho," alisema.

Chuma aliushusha mkono huo, kwa upole, kama anavyoshushwa mtoto kwenye kiti kirefu. Akavisogeza vile viti viwili vya mbele, kimoja toka kulia, kimoja toka kushoto, akaviunganisha katikati ya mlango, akakaa, akaanza kufungua kamba za viatu vyake.

"Mwite daktari," alimwambia mlinzi. "Mwambie tupo wanne, na hatuchagui."